Pumzi ya Kusemea

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmetoka kubeba maji? Vuteni pumzi kwanza, kisha mniitikie kama watu waliokula. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mji, mji ukawa na kinu, kinu kikakosa wa kukizungusha. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwenye kukohoa na akohoe sasa, maana nikishaondoka sirudi nyuma kumwokota mtu.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu wala hakuna aliyeona ajabu, palikuwa na mji ukiitwa Chamwewe. Katika mji huo alikaa mwanamke, jina lake Mwanamize. Mwanamize hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi, wala hakuwa na mume. Mume aliwahi kuwa naye, lakini alikuwa mvivu, akamrudisha kwao. Alichobaki nacho ni farasi mmoja, urithi wa baba yake.

Farasi huyo aliitwa Kishindo. Aliitwa Kishindo kwa sababu akitembea ardhi husema ti! ti! ti! Alikuwa mnene. Marehemu baba alikuwa akimpanda kutoka nyumbani mpaka barazani kwa Jumbe, na baraza lenyewe lilikuwa karibu, ukirusha jiwe linafika. Kisha humrudisha, akampa pumba. Kwenda barazani, kurudi, pumba. Kwenda barazani, kurudi, pumba. Basi farasi akawa na tumbo kama pipa na mgongo kama kitanda.

Sasa, mjini hapo alikuwapo bwana mmoja mwenye kinu cha kukamulia ufuta, akiitwa Mshamu. Kinu chake kilizungushwa na ngamia. Siku moja ngamia akaanguka, akafa. Mshamu akatazama huku, akatazama kule, jicho lake likatua juu ya Kishindo.

Akaenda barazani kwa Jumbe Mwinyimvua, watu wamekaa, kahawa inazunguka.

"Jumbe," akasema, "katika mji huu kila mnyama ana kazi yake. Paka anakamata panya. Punda anabeba chokaa. Mbwa anabweka, japokuwa mimi sikumwomba. Je, farasi wa Mwanamize ana kazi gani?"

Jumbe akafikiri. "Kazi yake kula."

"Hiyo kazi tunaiweza sote," akasema Mshamu. "Nipeni mimi nimfunge kinuni."

Mwanamize akaitwa. Aliposikia neno kinu, moyo ukamruka. Alikijua kinu cha Mshamu. Mnyama wa kinuni hufungwa kitambaa machoni alfajiri, akazunguka, akazunguka, akadhani anakwenda mbali, kumbe yupo palepale. Hafunguliwi mpaka afe. Na Kishindo, pamoja na unene wake wote, ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa akimwambia "umeamkaje."

Ulimi ukamtangulia.

"Kishindo ana kazi! Yeye ndiye atakayepeleka mwaliko Ukwajuni!"

Baraza zima likacheka. Mmoja kahawa ikampitia puani.

Ngojeni niwaambie kwa nini walicheka. Jumbe alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Kilua, anakaa mji wa Ukwajuni, ng'ambo ya mbuga. Mbuga hiyo ukiianza alfajiri unaimaliza alasiri, tena kama una miguu ya haja. Na harusi katika ukoo ule haifungwi mpaka Bibi Kilua aalikwe, aje, amshike bi harusi kichwa. Na mwaliko hauandikwi. Mwaliko husemwa, tena husemwa wote, kwa kuimba, bila kukatika katikati. Mwaliko wenyewe ni huu:

*Hodi hodi wa nyumbani, salamu nawaletea,*
*Za wakubwa na wadogo, wote wanawangojea,*
*Jumbe anaoza mwana, siku imekaribia,*
*Leteni vigelegele, njoni kutushangilia!*

Tena watu wa Ukwajuni wana mila yao. Mtu akiingia mjini kwao anahema, hawamwulizi kitu. Wanalia. Kwao wao habari njema hutembea, msiba ndio hukimbia. Nani atakata roho barabarani kwa ajili ya pilau?

Mwaka uliopita Jumbe alipomwoza binti yake mkubwa, alimtuma mbuni. Mbuni akakimbia kama mwenye kichaa, akafika mdomo wazi, ha! ha! ha! hata "hodi" haikutoka. Watu wa Ukwajuni wakaangua kilio, wakaja Chamwewe na sanda, na ubani, na jeneza begani. Bwana harusi alipoona jeneza linaingia uani akauliza, "La nani hilo?" Hakungoja jibu. Mpaka leo hajulikani aliko. Na binti wa watu bado yupo kwa baba yake, anakuna nazi na kununa.

Sasa ilikuwa zamu ya binti mdogo, Asumini. Jumbe alikuwa anaogopa.

Akamtazama Mwanamize, akamtazama farasi nje, amesimama kivulini anasinzia. Akasema, "Mwanamize, harusi ni ufuta ukishavunwa. Kishindo akifika Ukwajuni na pumzi ya kuusema mwaliko, atakuwa mjumbe wa mji huu, na hakuna atakayemgusa. Asipofika, au akifika anahema, Mshamu ana kamba yake tayari."

"Nimekubali," akasema Mwanamize.

"Hukuniuliza mimi," akasema Kishindo kutoka nje. Lakini hakuna aliyemsikiliza. Lishikeni hilo.

Mwanamize akarudi nyumbani, kichwa kinamwuma. Hajui farasi anazoezwaje kwa safari. Njiani akakutana na Sungura.

"Shikamoo, dada Mwanamize! Mbona uso umekunjamana kama jamvi?"

Mwanamize akamweleza.

"Hilo tu?" akasema Sungura. "Dada yangu, mbio hufundishwa kwa mbio. Mtie shoti asubuhi, mtie shoti jioni. Akichoka, mwongezee. Akianguka, mwinue. Mguu ni kama pweza, usipopigwa haulainiki."

Mwanamize akaona ni maneno ya maana. Asubuhi akamtia Kishindo shoti. Ti-ti-ti-ti-ti! Kuku wakaruka, watoto wakakimbilia ndani. Jioni akamtia shoti tena. Kesho yake tena. Siku iliyofuata Kishindo akaamka anachechemea, tandiko limemchubua mgongo, na kwato moja imeingiwa na kijiwe ambacho hakuna aliyekitazama.

"Kishindo, una pumzi?" Mwanamize akauliza.

"Sina ya kwendea, sina ya kusemea," akajibu Kishindo. "Na mguu pia sina."

Mwanamize akampaka mafuta ya nazi mgongoni, akamtoa kijiwe, akakaa chini. Mara akapita Fisi, anafuata harufu ya kidonda.

"Pole, shoga," akasema Fisi. "Huyu umemkimbiza bure. Nguvu haimo miguuni, nguvu imo tumboni. Mfungie zizini asitoke. Mpe pumba, mpe mashudu ya ufuta, mpe mtama. Ashibe, alale. Siku ya safari ikifika, shibe yenyewe itamsukuma."

Mwanamize akaona ni maneno ya maana. Siku hizo alikuwa anaona maana kila mahali. Akamfungia Kishindo zizini. Pumba, mashudu, mtama. Pumba, mashudu, mtama. Tumbo likavimba, likavimba, mpaka Kishindo akajitupa chini, anajigaragaza na kuguna. Na Fisi kila jioni anachungulia juu ya ua: "Amekufa? Bado? Haya, nitapita kesho."

Hapo Mwanamize akafumbuka macho. Akamtupia Fisi mchi, ukampata ubavuni. Akamwinua Kishindo, akamtembeza polepole uani, huku na huku, huku na huku, mpaka tumbo likalegea, na upepo uliotoka nyuma ukaangusha ungo ukutani. Wote wawili wakashusha pumzi.

"Kishindo, una pumzi?"

"Sina ya kwendea, sina ya kusemea. Umebaki kumwuliza nani sasa? Kunguru?"

Mwanamize akainama kuokota ungo.

"Umemwuliza Sungura," akasema Kishindo. "Umemwuliza Fisi. Mimi mwenye miguu hukuniuliza."

"Haya, nakuuliza. Wewe unajua farasi anazoezwaje?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Lakini najua panaponiuma. Na ninajua pumzi yangu inapoishia. Twende mpaka hapo inapoishia, tupaone."

Mwanamize akacheka, ingawa hakutaka. Wakatoka. Hawakukimbia. Walitembea tu, Mwanamize mbele, hatamu mkononi. Walipofika penye tanuu la chokaa, nje kidogo ya mji, Mwanamize akasema, "Kishindo, una pumzi?"

"Ninayo ya kwendea."

"Na ya kusemea? Hebu imba."

Kishindo akaimba. "Hodi hodi wa nyumba... ha! Ha!" Ikakatika.

"Basi inaishia hapa," akasema Mwanamize. "Turudi."

Kesho yake wakaenda tena mpaka penye tanuu. Kishindo akaimba mstari mzima. Wakaenda tena. Akaimba miwili. Wakaenda mpaka akauimba mwaliko wote penye tanuu, na punda wa chokaa wakasimamisha mizigo kusikiliza.

"Mwanamize," wakamwita, "sasa umeacha safari, umeanzisha taarabu?"

"Bebeni chokaa zenu," akasema Mwanamize. "Mkiitwa kwenye harusi mtaitwa kubeba kuni."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yao. Kishindo akiimba mwaliko wote bila kukatika, kesho wanasogea mbele. Ukikatika, wanabaki palepale. Wakapita tanuu, sasa Mwanamize yuko mgongoni, wakafika kwenye kichuguu chekundu. Wakapita kichuguu, wakafika kwenye kilima cha mchanga. Hapo mchangani Kishindo alizama mpaka vifundoni, akatukana, akapanda. Wakati wa kushuka, Mwanamize alishuka mgongoni akatembea kwa miguu yake, maana alishaona kuteremka na mzigo ndiko kunakovunja magoti. Wakikuta kidimbwi, Kishindo anakunywa kidogo, hangoji kiu. Wakirudi, Mwanamize anainua kwato moja moja, anatoa vijiwe kwa kijiti. Anampa bonge la chumvi alambe. Pumba akapunguza, majani ya ukoka akaongeza.

Tumbo likaanza kuingia ndani. Na mwendo nao ukabadilika. Mwanzo ilikuwa kutembea tu, sasa Kishindo akajua kwenda telki, ule mwendo wa si kutembea si kukimbia, mpandaji anakaa kama yuko juu ya mkeka. Ile ti! ti! ti! ikawa tiki-tiki, tiki-tiki.

Lakini mtu ni mtu. Mwanamize akaona ufuta unaanza kukauka shambani, akaingiwa na hofu. Harusi imekaribia na wao ndio kwanza wanapita kilima. Akaanza kumtoa Kishindo kila siku, mvua, jua, kila siku. Akadhani pumzi ni kama maji, ukichota kila siku mtungi utajaa. Ajabu ni kwamba pumzi ikarudi nyuma. Jana alimaliza mwaliko kilimani, leo unakatika kwenye kichuguu, kesho unakatika penye tanuu. Hodi hodi, ha! ha! Kama siku ya kwanza.

Mshamu akaja na kamba yake mkononi, akampima Kishindo shingo. "Nataka nijue tu," akasema, "nisije nikakata fupi."

Mshamu alipoondoka, Mwanamize akamvuta Kishindo hatamu. "Twende! Huoni tunakwisha?"

Kishindo hakutoka. "Nipumzishe," akasema.

"Kupumzika ni uvivu! Mume wangu alikuwa anapumzika, anapumzika, mpaka nikamrudisha kwao!"

"Mumeo alikuwa anapumzika kabla ya kazi. Mimi naomba baada ya kazi."

"Ni mamoja."

"Si mamoja. Wewe mwanamke unalisikia neno nusu. Sema: pumzika."

"Pumzika."

"Ndani yake mna nini?"

Mwanamize akalitafuna neno. Pumzi-ka. Akalitafuna tena. Tangu utotoni alikuwa akilisema neno hilo kama mtu anayefukuza nzi, asijue limebeba nini tumboni.

"Mna pumzi," akasema polepole.

"Basi nipe. Kazi inaifungulia pumzi mlango. Kupumzika ndiko kunakoiingiza ndani. Wewe umefungua mlango mwezi mzima na hujaniacha niketi nyumbani niipokee."

Mwanamize akaachia hatamu. Siku hiyo hawakwenda popote. Kishindo alikula ukoka, akajigaragaza mchangani kwa raha, si kwa maumivu, akalala na jua. Mwanamize alikaa kizingitini anajilazimisha kusuka ukili, vidole vinamwasha kwa wasiwasi. Kesho yake walipotoka, mwaliko haukukatika penye tanuu, haukukatika kwenye kichuguu. Ulikwisha juu ya kilima, na mstari wa mwisho aliuongeza madaha. Tangu hapo ikawa hivyo: leo kazi, kesho kupumzika. Leo mbali, kesho karibu. Na farasi akazidi kuwa farasi.

Ufuta ukavunwa. Siku ikafika.

Alfajiri Mwanamize akampeleka Kishindo barazani. Akakuta nani amesimama mbele ya Jumbe, amefunga kibwebwe, masikio juu? Sungura.

"Shikamoo, dada," akasema Sungura. "Na mimi nimeomba kwenda. Jumbe amesema ni hiari ya kila mtu, atakayeufikisha mwaliko ndiye mjumbe. Na mjumbe, kama unavyojua, kila harusi hupewa sinia lake la pilau peke yake."

Kumbe mwalimu wa shoti ndiye mshindani! Mwanamize akafungua kinywa kumtukana, Kishindo akamgusa bega kwa pua.

"Usiimalize pumzi hapa," akasema.

Sungura akatoka kama jiwe la teo. Pru! Akapotea majanini. Kishindo akatoka anatembea, Mwanamize mgongoni. Watu wakatikisa vichwa. Mshamu akaanza kupaka kamba yake mafuta.

Penye tanuu Kishindo akaingia telki. Tiki-tiki, tiki-tiki. Kichuguu wakakipita. Kilima wakakipanda, upande wa pili Mwanamize akashuka akatembea. Jua likapanda, mbuga ikaanza kumeta.

Katikati ya mbuga ile kuna kisima kimoja tu. Sungura alifika kisimani mapema. Angekunywa akaendelea, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini mwenye hila hawezi kupita mahali bila kuacha hila yake. Akaona: nikiyachafua maji, farasi hatakunywa, na asipokunywa hatafika. Akajitosa kisimani. Akaruka, akapiga mateke, akakoroga tope, akapanda, akajitosa tena. Jua linampiga kichwani, yeye anaruka. Akachoka, ulimi nje. Akataka kunywa, maji ni uji mweusi. Mtu na akili zake akabaki anatazama tope lake mwenyewe.

Mara akasikia tiki-tiki, tiki-tiki. Akajificha nyuma ya kichaka.

Mwanamize akatazama kisima, akaona tope, akaona na alama za miguu ya Sungura. Akavua kanga yake ya begani, akaikunja maradufu, akaikunja tena, akachuja maji ndani ya ndoo ya ngozi. Yalitoka kidogo kidogo, lakini yalitoka meupe. Kishindo akanywa, akangoja, akanywa tena. Akafunguliwa tandiko, mgongo upate upepo. Akasimama kivulini.

"Kishindo, una pumzi?"

"Ninayo ya kwendea. Ya kusemea inakuja. Tuingoje."

Wakaingoja! Safari haijaisha, mshindani hajulikani aliko, Mwanamize roho juu kama nyama ya mshikaki, na wakaingoja. Ilipokuja, Kishindo akaimba mwaliko wote kisimani, Sungura anasikia kichakani. Ndipo wakaondoka.

Sungura kuona hivyo, akatoka mbio. Hajanywa, hajapumzika, koo limekauka kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi. Akawapita kama mshale. "Kwaherini, watembeaji!"

"Tumwache?" akauliza Mwanamize.

"Ana miguu mizuri," akasema Kishindo, na hakubadilisha mwendo.

Basi Sungura ndiye aliyefika Ukwajuni wa kwanza. Msiseme sikusema kweli. Alifika wa kwanza. Akaingia uani kwa Bibi Kilua, akasimama mbele ya wanawake wanaopepeta mchele, akafungua kinywa.

"Ho... ha! Ho... ha! Ju... Jumbe... ha! Mwa... mwana... ha!"

Ungo ukaanguka. "Anahema!" mmoja akapiga kelele. "Jumbe amekufa!"

"Na mwana! Amesema na mwana! Wote wawili!"

Uwiii! Kilio kikapaa. Sungura anatikisa kichwa, anapunga mikono, hapana, hapana, lakini kadiri anavyopunga ndivyo anavyohema, na kadiri anavyohema ndivyo wanavyolia. Wanaume wakatoka na majembe kutafuta pa kuchimba. Fisi, sijui alisikia vipi, akatokea na kujifanya jamaa wa marehemu. Bibi Kilua akajiangusha mchangani. "Lete wembe!" akasema. "Mwanangu amekufa, nywele za nini?" Wakaanza kumnyoa.

Hapo Kishindo akaingia mjini, anatembea.

Mwanamize akasikia kilio, akaona kichwa cha Bibi Kilua, nusu nywele nusu upara. Akajua. Kilio hiki kikiendelea, jeneza litabebwa tena Chamwewe, bwana harusi atakimbia tena, na kamba ya Mshamu itapata shingo.

"Kishindo," akasema, "una pumzi?"

Kishindo akavuta hewa mpaka mbavu zikafunguka. "Ninayo ya kwendea, ninayo ya kusemea. Na ya kumtukania Sungura imebaki. Shuka, uniache niseme."

*Hodi hodi wa nyumbani, salamu nawaletea...*

Akaimba wote, mpaka mwisho. Kilio kikaufunika. Watoto peke yao ndio waliosikia, wakanyamaza.

Akaimba mara ya pili, kwa nguvu zaidi, bila kukatika. Wanawake wa ungo wakasikia, wakanyamaza. Wenye majembe wakasikia, wakasimama.

Akaimba mara ya tatu. Mara hiyo sauti iligonga kuta za uwanja ikarudi. *Leteni vigelegele, njoni kutushangilia!* Bibi Kilua akausukuma mkono wenye wembe.

"We farasi," akasema. "Mbona huhemi?"

"Sina haja, bibi."

"Umetoka wapi?"

"Chamwewe. Leo alfajiri."

"Na huhemi." Akainuka, akajikung'uta mchanga. "Basi si msiba."

"Si msiba, bibi. Ni harusi. Asumini anaolewa, na Jumbe mzima, anakula vizuri kuliko mimi."

Vigelegele vilipasuka! Wenye majembe wakaona haya, wakajifanya walikuwa wanakwenda kulima. Fisi akateleza nyuma ya nyumba, lakini watu walikuwa wameshashika magongo, na hasira yao ilikuwa haijapata pa kwenda. Ikampata.

Bibi Kilua akajipapasa kichwa. Upande huu nywele, upande huu upepo. Akamgeukia Sungura.

"Wewe. Umeingia nyumbani kwangu na neno nusu, na mimi umenifanya nusu. Huo mwaliko wako umalize. Hutoki hapa mpaka uumalize."

Sungura akafungua kinywa. "Ho... ha!" Akajaribu tena. "Ho... ha!" Watu wakaanza kucheka. Aibu ikamwingia, akaruka ua, akatokomea mbugani.

Bibi Kilua alikwenda harusini juu ya mgongo wa Kishindo, kesho yake, baada ya farasi kupumzika, kichwa kimefungwa kilemba cha hariri. Alipomshika Asumini kichwa alisema, "Mwanangu, usiguse changu." Bwana harusi hakukimbia. Kishindo akafanywa mjumbe wa mji, akapewa sinia lake, akala ukoka akawaachia watoto pilau. Mshamu alimkamata Fisi aliporudi Chamwewe, amevimba kwa magongo, akamfunga kinuni. Mpaka adhuhuri Fisi alikuwa amekula mashudu yote, amekula kitambaa cha macho, na kamba iliyopakwa mafuta ndiyo iliyokuwa tamu kuliko vyote. Akaenda zake. Kinu akakizungusha Mshamu mwenyewe, akapungua tumbo, mkewe akashukuru.

Nanyi mnaonisikiliza mmeze hili. Anayefika asiweze kusema alichotumwa, huyo hajafika, hata kama miguu yake imesimama uani. Kazi bila kupumzika huchota pumzi isiyokuwamo. Na ukitaka kumzoeza mwenye miguu minne, mwulize yeye kwanza, kabla hujawauliza wanaongojea afe.

Na Sungura? Mtazameni siku mkimkuta ametulia majanini. Hajakimbia, hajafukuzwa, amekaa tu. Lakini pua inachezacheza, na midomo inachezacheza, haitulii. Msidhani anatafuna. Bado yuko kwenye "hodi," anatafuta pumzi ya kumalizia.

Ngano yangu naitua hapa kama mzigo wa kuni. Iliyo tamu chukueni, mkawashie moto kwenu. Iliyo chungu niachieni. Nimebakiwa na meno mawili, nitaitafuna mwenyewe.